Michezo ya Mwendo na Muziki kwa Watoto wa Mwaka 1 hadi 3

Michezo ya mwendo na muziki ni sehemu ya malezi na elimu ya awali ambamo mtoto mdogo huimba, hupiga makofi, huyumba, hutembea, huchuchumaa na kugonga vyombo akiwa na mtu mzima au pamoja na wenzake. Makala haya yanahusu umri wa kuanzia mtoto anaposimama dede hadi anapotimiza miaka 3, kabla hajaingia darasa la awali. Katika umri huo wimbo na mwendo havitengani. Mtoto akisikia ngoma, magoti yake hukunjika kabla mdomo haujafunguka, na mlezi anayemtaka atulie kwanza ndipo aimbe anamnyima njia yenyewe anayojifunzia.

Mwili na mapigo

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia makuzi ya watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Kwa wastani mtoto huanza kutembea bila kushikwa akiwa na miezi 12 hivi, lakini wapo wanaoanza wakiwa na miezi 8 na wapo wanaokaribia miezi 18, na wote hao hawana kasoro. Ndiyo maana katika chumba kimoja cha watoto wa rika moja atakuwapo anayekimbia na anayejishika ukutani, na mchezo uliotungwa vizuri huwa na nafasi ya wote wawili. Mwaka 2012 Karen Adolph na wenzake wa New York walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 12 hadi 19 waliokuwa wakicheza kwa hiari yao. Kwa saa moja watoto hao walipiga wastani wa hatua 2,368 na kuanguka mara 17. Mwalimu anayezijua namba hizi hatamwita mtukutu mtoto anayeinuka katikati ya wimbo.

Masikio nayo hujifunza kwa kupitia mwili. Mwaka 2005 Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada waliwapigia watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo, huku wakiwarusharusha mikononi. Waliorushwa kwenye kila pigo la pili walipendelea baadaye kusikiliza mdundo wenye mkazo katika kila pigo la pili. Waliorushwa kwenye kila pigo la tatu walipendelea ule wa mapigo matatu. Watoto waliomtazama tu mtu mwingine akiruka, wao wenyewe wakiwa wametulia, hawakuonyesha upendeleo wowote. Mama wa Kiafrika anayetwanga, anayefua au anayecheza ngoma na mtoto wake mbelekoni amekuwa akimpa mwanawe somo hilo tangu zamani, na linastahili kuhesabiwa kuwa elimu.

Hata hivyo, kulihisi pigo si sawa na kulifuata. Marcel Zentner na Tuomas Eerola walionyesha mwaka 2010 kwamba watoto wa miezi 5 hadi miaka 2 huyumba zaidi wakisikia muziki au ngoma kuliko wakisikia mazungumzo, ingawa mwendo wao haulingani sawasawa na pigo. Kila mtoto ana kasi yake, nayo kwa kawaida ni ya haraka kuliko ya mtu mzima. Hapa ndipo walezi wengi hukosea: huimba kwa kasi yao, kisha humshika mtoto mikono na kumpigisha makofi kwa nguvu. Njia inayofaa ni kinyume chake. Mlezi humtazama mtoto anavyoyumba, huanza kuimba kwa kasi ile ile, na mtoto akishazoea ndipo wimbo hupunguzwa mwendo kidogo kidogo.

Huko Leipzig, Ujerumani, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello waliwapa ngoma watoto wa miaka 2 na nusu hadi 4 na nusu. Mara walipiga pamoja na mtu, mara pamoja na mashine inayopiga ngoma, mara pamoja na sauti ya spika peke yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuwa wazi: watoto wa rika zote, hata wale wadogo kabisa, walilingana vizuri zaidi walipopiga na mtu. Na manufaa hayaishii kwenye muziki. Mwaka 2014 Laura Cirelli na wenzake wa Kanada waliwarusha watoto wa miezi 14 mbele ya mtu mzima aliyeruka kwa mapigo yale yale. Baadaye mtu huyo alipoangusha vitu, watoto hao walimwokotea mara nyingi zaidi kuliko wale waliokuwa wamerushwa kwa mapigo yasiyolingana na yake.

Chimbuko la mbinu

Friedrich Fröbel, mwasisi wa chekechea nchini Ujerumani, alichapisha mwaka 1844 kitabu cha nyimbo za mama na mtoto kilichojaa michezo ya vidole na mikono. Nusu karne baadaye Émile Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki mjini Geneva, aligundua kuwa wanafunzi wake wa chuo waliosoma nota vizuri hawakuweza kushika mapigo. Akawaondoa vitini, akawatembeza. Kutokana na hatua hizo alijenga mfumo mzima wa kufundisha muziki kwa mwendo, akaufundisha Hellerau karibu na Dresden kuanzia mwaka 1911, na mwaka 1915 akafungua chuo chake Geneva.

Carl Orff na Gunild Keetman walianzia Munich, katika shule ya dansi na mazoezi ya viungo aliyoifungua Dorothee Günther pamoja na Orff mwaka 1924. Vitabu vyao vitano vya muziki wa watoto vilitoka kati ya mwaka 1950 na 1954. Mchango wao unaojulikana zaidi ni marimba ndogo zenye vipande vinavyoondoleka: mwalimu huacha sauti chache zinazopatana, na mtoto hata agonge wapi, hakosei. Ni ubunifu mzuri, ila vyombo hivyo ni ghali, na mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kukua bila kuvigusa asipungukiwe na kitu.

Kwa vituo vya kulelea watoto vya hapa Afrika Mashariki, mbinu inayofaa zaidi imetoka Hungaria. Zoltán Kodály alishikilia kwamba elimu ya muziki ya mtoto huanza kabla hajazaliwa, kwa malezi anayopata mama, na kwamba sauti ya binadamu ndiyo chombo cha kwanza. Katalin Forrai aliyapeleka mawazo hayo kwa watoto wadogo: nyimbo fupi za jadi, zenye sauti chache zilizokaribiana, zinazoimbwa bila kinanda huku mtoto akichezeshwa magotini, akipapaswa viganja au akizungushwa taratibu. Hakuna kinachonunuliwa. Kinachotakiwa ni mlezi anayezijua nyimbo za kwao na asiyeona haya kuziimba.

Huko Michigan, Marekani, Phyllis Weikart wa taasisi ya HighScope aliweka msisitizo kwenye pigo lisiloyumba: mtoto aanze kulihisi kwa kugonga mapaja yake, ndipo aongezewe maneno na hatua. Mawazo ya HighScope yalifika pwani ya Kenya kupitia mpango wa shule za awali za Madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Shule hizo zilipokea hasa watoto wa miaka 3 na kuendelea, lakini zilithibitisha jambo lenye faida kwa wadogo zao pia: nyimbo za Kiswahili, mafunzo ya dini na vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu, makuti na mabaki ya nguo vinaweza kukaa pamoja katika darasa lenye mpango mzuri.

Namna shughuli inavyoendeshwa

Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mkupuo mmoja, na ni afadhali mikupuo kadhaa kwa siku kuliko kipindi kimoja kirefu. Wimbo wa kufungua huwa ule ule kila siku ili hata asiyejua kusema atambue kinachofuata. Watoto wa umri huu hupenda marudio kuliko upya; mlezi huchoka na wimbo mapema sana kabla ya mtoto.

Baada ya salamu huja mwendo mkubwa: kutembea kama tembo, kukimbia, kuzunguka duara kama katika mchezo wa Ukuti, kisha kuanguka chini kwa pamoja. Mchezo wa kusimama ngoma inaponyamaza una thamani ya pekee, kwa kuwa mtoto hujifunza kuuzuia mwili wake mwenyewe, jambo gumu kuliko kuruka. Anayetambaa hucheza akitambaa. Asiyesikia huwekwa karibu na ngoma, kiganja chake kikiwa juu ya ngozi ya ngoma hiyo, apate mtetemo. Kipande cha kanga huweza kupeperushwa, kufunikwa usoni na kufunuliwa. Ndoo iliyogeuzwa ni ngoma, na kayamba huufunza mkono kutikisa na kutulia. Mwisho huwa wimbo wa kubembeleza, watoto wakiwa wamelala mkekani.

Mlezi aimbe kwa sauti ya juu kidogo kuliko aliyozoea, kwa sababu koo la mtoto halifikii sauti nzito za mtu mzima. Ayatamke maneno yasikike, aache nafasi ya mtoto kuitikia, na asimlazimishe anayekaa pembeni akitazama. Watoto wengi wa aina hiyo hawafungui mdomo kituoni, wakifika nyumbani wanaimba wimbo mzima.

Usalama hauna mjadala. Chupa iliyotiwa maharage au kokoto ifungwe kifuniko kwa gundi, kwa maana kitu chochote kinachopita kwenye tundu la upana wa sentimita 3 hivi kinaweza kumpalia mtoto. Vijiti visishikwe na anayekimbia. Mtoto asiinuliwe wala kuzungushwa kwa kushikwa mikono. Kiwiko chake huteguka kirahisi, na abebwe kwa kushikwa kifuani chini ya makwapa. Spika kubwa chumbani huumiza masikio machanga na huizima sauti ya mlezi, ambayo ndiyo inayohitajika.

Imani potofu na hali ilivyo

Inaaminiwa na wengi kwamba kumsikilizisha mtoto muziki wa Mozart humwongezea akili. Chanzo cha imani hiyo ni jaribio la mwaka 1993 lililowahusu wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, na faida iliyoonekana katika zoezi moja la kupanga maumbo akilini ilidumu takriban robo saa. Tafiti zilizotajwa mwanzoni mwa makala zinaonyesha kinachofanya kazi kweli: kushiriki, kwa mwili, pamoja na mtu.

Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayogusa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Huko Zanzibar, vituo vya Tucheze Tujifunze vilitumia vipindi vya redio vyenye nyimbo na michezo, redio ikimwongoza mlezi na mlezi akiwaongoza watoto. Huo ni mgawanyo wa kazi unaofaa kuigwa. Nchini Kenya darasa la awali la kwanza hupokea watoto wa miaka 4, hivyo wadogo wao hubaki majumbani na kwenye vituo vya kulelea watoto mchana. Katika vituo vingi vya mijini, vya nchi zote mbili, chumba ni kidogo, watoto ni wengi, na televisheni ndiyo inayowaimbia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate angalau dakika 180 za kujongea kila siku, asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba wa mwaka 1 asitazame skrini kabisa. Mwenye kituo anayetaka kuanza kuutimiza aizime televisheni, akunje viti, atandike jamvi, kisha amwombe mlezi mwenye nyimbo nyingi aimbe.