Gavana ya Posho Mili

Vijana wa steji ya Kawangware ukiwatajia speed gavana, watakuambia ililetwa na waziri Michuki. Ni kweli, sheria zake za Februari 2004 ndizo zilizoifunga kwenye matatu na kuweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Lakini sisi mafundi wa dizeli tuliokulia Kibera tulikuwa tumeizoea kitambo, ndani ya injini za Lister zilizozungusha posho mili.

Lister ya silinda moja, nguvu za farasi 6, huzunguka mara 650 kwa dakika. Mama akimwaga debe la mahindi, injini inalemewa, mwendo unashuka. Vyuma viwili vya gavana vinavyozunguka nayo vinavutwa ndani na springi, pampu inaongeza dizeli. Mahindi yakiisha vyuma vinatanuka, dizeli inapunguzwa. Hakuna aliyegusa kitu.

James Watt alikuwa na kifaa cha namna hiyo kwenye injini ya mvuke tangu 1788. Mafundi walikirekebisha kwa kubahatisha hadi 1868, James Clerk Maxwell alipoeleza kwa hesabu kwa nini injini nyingine hupanda na kushuka bila kutulia. Hesabu zake zilifaa misukosuko midogo tu. Mrusi Lyapunov, katika tasnifu yake ya 1892, alikwenda mbali zaidi: tafuta kipimo kinachofanana na nishati, na kikizidi kupungua, mtambo utarudi kwenye mwendo wake, hata kama hesabu zenyewe hazitatuliki.

Na kweli hazitatuliki kirahisi. Mwendo ukipungua nusu, nguvu inayotanua vile vyuma hubaki robo. Springi iliyopimwa kwa mizunguko 650 haifai kwa 300. Tena viungo vikilika, amri huchelewa: injini inanguruma, inafifia, inanguruma. Wenzangu walikimbilia kukaza springi. Mimi nilianza na pini za viungo.

Speed gavana za kwanza nilizofungua Kawangware hazikuwa na akili ya kuongeza na kupunguza mafuta kidogo kidogo. Gari likifika 80 zinakata mafuta, likipungua zinaachia, basi safari nzima ni kwikwi. Jioni madereva walikuja kimyakimya kutaka waya ukatwe. Mwenye posho mili hakuniomba hivyo hata siku moja, maana bila gavana, mahindi yakiisha ghafla injini hukimbia hadi ipasuke, na injini ilikuwa yake. Matatu ilikuwa ya tajiri, na dereva alidaiwa hesabu kila jioni.