Nani alitufundisha kukaa kimya?

Kila msimu wa mahafali ya kidato cha nne malalamiko ni yale yale. MC anaomba utulivu mara kumi, kina mama wanapiga vigelegele, shangazi mtu anavamia jukwaa na noti mkononi kumtunza mtoto, na jina la mwanafunzi anayefuata linamezwa na kelele. Halafu utawasikia wasomi wetu: "Waswahili hatujui kutazama maonyesho. Nenda Ulaya uone watu wanavyotulia!"

Ndugu zangu, hebu turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Tuanze na huko huko Ulaya. Ukumbi wa Globe ulipojengwa London mwaka 1599, watu waliolipa peni moja walisimama chini mbele ya jukwaa, wakila, wakishangilia na kuzomea. Hao ndio watazamaji wa Shakespeare mwenyewe. Ule utulivu wa kwenye giza ulienea baadaye sana, katika karne ya 19. Mwaka 1876 Richard Wagner alipofungua jumba lake la opera kule Bayreuth, Ujerumani, alizima taa za upande wa watazamaji ili macho yote yaende jukwaani. Wengi waliona ni jambo geni.

Kwa hiyo Waingereza walipomleta Shakespeare kwenye shule zetu, walimleta akiwa ameshavishwa suti. Tukadhani alizaliwa nayo.

Na sisi je, hatukuwa na adabu? Tulikuwa nayo, tena kali. Fanani wa hadithi hawezi kuanza kabla hadhira haijaitikia. Kwenye ngoma anayetazama sasa hivi anaweza kuingia uwanjani muda mfupi ujao, lakini lazima ajue wakati wa kuingia. Na kwenye taarabu, kutunza kuna utaratibu wake: unasubiri ubeti unaokugusa, unainuka, unakwenda mbele kwa madaha, unatoa noti yako, unarudi kukaa. Kuitikia ni wajibu, ila kuna mahali pake.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika tena. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais, alitangaza wizara ya utamaduni na vijana, akisikitika kwamba shule za kikoloni zilitufundisha dansi za kigeni na kudharau ngoma zetu. Ngoma zikapewa heshima mashuleni. Lakini angalia zilivyochezwa: lile duara likafunguka likawa mstari unaotazama meza kuu.

Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu aliwaomba washairi walieneze, na Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, akawa kinara wa ngonjera. Waliosoma miaka ile wanazikumbuka: upande mmoja unauliza au unapinga, upande wa pili unaelimisha, mwisho wote wanakubaliana. Watoto walikariri, wakasimama mbele ya mgeni rasmi na kumsomea sera yake mwenyewe. Kazi ya watazamaji ilikuwa kupiga makofi.

Waliojaribu kuugeuza mkondo huo ni maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1996 walianzisha Tuseme, mradi ambao wasichana wa sekondari walichambua matatizo yao wenyewe, wakayatungia michezo na kuicheza hadharani, kisha yakajadiliwa. Hapo adabu ya mtazamaji ilikuwa ngumu kuliko kunyamaza gizani. Mwalimu alitakiwa kumsikiliza mwanafunzi wake akieleza kinachomuumiza, halafu ajibu.

Sasa turudi kwenye mahafali. Kuna kipengele kinaitwa risala. Ni dakika chache ambazo mtoto wa miaka kumi na saba anamwambia mkubwa, mbele ya watu, kwamba maabara haina vifaa, walimu wa hesabu hawatoshi, matundu ya vyoo ni machache. Tazama watu wanafanya nini dakika hizo. Wanasalimiana, wanapiga simu, wanaulizia chakula. Mgeni rasmi mwenyewe ananong'onezwa na jirani yake. Akisimama yeye kuhutubia, kimya! Hata watoto wachanga wanapelekwa nje.

Hapo ndipo penye tatizo. Heshima yetu inapanda ngazi kwenda kwa mkubwa, haishuki kwa mtoto aliyevaa joho. Vigelegele havina kosa. Kosa ni pale vinapomfunika binti wa mtu mwingine, ambaye mama yake amepanda basi tangu usiku ili alisikie jina hilo moja.

Dawa ipo, na hatuhitaji kuiagiza Bayreuth. Nyimbo na ngoma zikichezwa, watu wapige vigelegele na watunze mpaka wachoke. Vyeti vikitolewa, kila jina lisikike kwanza, shangwe baadaye. Na risala ikisomwa, tunyamaze kama tunavyomnyamazia mbunge, kisha mgeni rasmi aijibu hoja kwa hoja kabla hajaanza hotuba aliyokuja nayo mfukoni.

Babu zetu walijua wakati wa kuitikia. Sisi tumebaki na sauti tu.