Jiji Lililokula Bandari Yake

Katika miaka ya 1830, mtu mwenye njaa na senti sita mfukoni hakuhangaika New York. Alikwenda Canal Street, akatafuta taa nyekundu iliyotundikwa juu ya ngazi za kuteremkia chini ya ardhi, akateremka. Huko chini alikuta kaunta, mapipa, sakafu iliyomwagiwa vumbi la mbao, na mtu mwenye kisu kifupi ambaye mikono yake haikupumzika. Kwa senti zile sita alikula chaza mpaka aseme basi. Watu waliuita utaratibu huo kwa jina la mtaa wenyewe, mpango wa Canal Street. Masimulizi ya zamani yanadai kwamba mlaji aliyepitiliza alipenyezewa chaza mmoja aliyechacha, ili aondoke mwenyewe pasipo kufukuzwa.

Vyumba hivyo havikuwa na sifa njema. Waliokuwamo walikunywa, walicheza kamari, walipigana, na mke wa mtu hakutarajiwa kuonekana humo. Charles Dickens alipotembelea Marekani mwaka 1842 aliona taa na vibao vya vyumba vya chaza kila alikopita mjini, akavitaja katika kitabu chake cha safari, American Notes. Lakini chaza wale wale waliuzwa pia kwenye mikokoteni barabarani, sokoni, kwenye tishali zilizofungwa gatini, na katika hoteli za kifahari. Ni vigumu kutaja chakula kingine cha mji ule kilicholiwa na kuli wa bandarini na mwenye benki siku moja, tena kutoka maji yale yale.

Chaza walikuwapo kabla ya jiji. Wenyeji wa Lenape waliwala kwa vizazi vingi na kuacha vilima vya makombe ufukweni, na Waholanzi walipofika katika karne ya 17 walivikuta. Mtaa wa Pearl, ambao leo uko ndani kidogo kutoka majini, ulikuwa ndio ukingo wa pwani na ulipata jina lake kutokana na makombe hayo. Kisiwa cha Ellis, ambako baadaye mamilioni ya wahamiaji walishukia, kiliwahi kuitwa Kisiwa Kidogo cha Chaza, na jirani yake, kilipo Sanamu ya Uhuru, kikaitwa Kisiwa Kikubwa cha Chaza. Makombe yalichomwa yakawa chokaa ya kujengea nyumba, kama matumbawe yalivyochomwa Lamu na Unguja.

Kumfungua chaza hakuhitaji nguvu nyingi. Kunahitaji kujua mahali. Kisu ni kifupi na kinene, hakina makali ya kukatia nyama. Ncha yake huingizwa nyuma, kwenye bawaba, pale makombe mawili yanapokutana, kisha kiganja kinakizungusha kidogo mpaka kitu kinalia ndani. Hapo ubapa wa kisu unapitishwa chini ya kombe la juu na kukata msuli ulioshikilia mlango. Kombe la juu linatupwa. Chaza anabaki kwenye kombe la chini, lile lenye kina, akielea katika maji yake ya chumvi, na maji hayo hayamwagwi kwa kuwa nusu ya utamu imo humo. Mfunguaji mzembe huacha vipande vya kombe ndani, na mlaji huvigundua kwa jino. Chaza wa kuliwa mbichi huwa bado yu hai; anatiwa tone la siki au limau, pilipili manga kidogo, anamezwa. Msomaji anayewajua chaza wanaong'ang'ania mizizi ya mikoko huenda akashangaa ukubwa wa hawa wa Marekani, ambao wakiachwa wakue miaka mingi hujaza sahani peke yao.

Aliyeuondoa mlo huu kwenye vumbi la mbao na kuuweka juu ya zulia alikuwa mtu mweusi kutoka Virginia. Thomas Downing alizaliwa mwaka 1791 katika kisiwa cha Chincoteague, na wazazi wake walikuwa wametoka utumwani wakaachwa huru. Alikua akivua, akichimbua chaza matopeni na kuwajua kwa kuwagusa. Alipitia Philadelphia, akafika New York mwaka 1819, akapata mashua ndogo. Kila siku alipiga makasia kuvuka mto Hudson hadi upande wa New Jersey, akawainua chaza kwa makoleo marefu yenye meno, akarudi kuwauza.

Mwaka 1825 alifungua chumba chake mwenyewe katika namba 5, Broad Street. Utumwa ulikuwa haujafutwa kabisa katika jimbo la New York. Ulifutwa tarehe 4 Julai 1827. Mahali alipopachagua palionyesha jicho la biashara. Broad Street iko hatua chache kutoka Wall Street, na watu wa mabenki, wa meli na wa magazeti walikuwa na fedha lakini hawakuwa na mahali pa heshima pa kula chaza. Downing alitandika mazulia, akatundika vioo, mapazia na taa za mapambo. Mwanamume aliweza kwenda na mkewe bila kuaibika. Wateja walipozidi, mwaka 1835 alipanua chumba na kuchukua majengo ya jirani.

Mapishi yake nayo yalipanda cheo: pai ya chaza, samaki kwa mchuzi wa chaza, bata mzinga aliyejazwa chaza tumboni. Lakini siri yake ilikuwa usiku, majini. Mwanawe George alisimulia baadaye jinsi baba yake alivyotoka gizani na taa ya mkononi, akazifuata mashua za chaza kabla hazijatia nanga, akapanda na kuchagua walio bora. Kisha alirudi nchi kavu, akaenda kusimama mnadani pamoja na wanunuzi wengine, na kupandisha bei ya mzigo ambao hakukusudia kuununua. Manahodha walimpenda kwa hilo, na siku iliyofuata walimwekea tena wale wazuri. Wanunuzi wenzake hawakuwa na sababu ya kumpenda.

Desemba 1835 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya chini ya Manhattan, katika baridi kali hata maji yakaganda ndani ya mipira ya wazima moto. Inasimuliwa kwamba mapipa ya siki ya Downing, aliyoyaweka kwa ajili ya kusindika chaza, yalitumika kuzima moto uliokaribia jengo la gazeti la Journal of Commerce. Miaka sita baadaye, jiji lilipomwandalia Dickens dansi kubwa katika ukumbi wa Park Theatre tarehe 14 Februari 1842, Downing ndiye aliyepewa kazi ya chakula, kwa malipo ya dola 2,200. Aliwasafirisha chaza wake wa kusindikwa hadi Ulaya na visiwa vya Karibi. Malkia Victoria alipelekewa, naye akajibu kwa saa ya dhahabu.

Katika miaka hiyo hiyo mikahawa ya chaza ilipovuma, bandari ya New York ilipokea mgeni kutoka Zanzibar. Merikebu ya Sultani Sayyid Said, Al-Sultana, ilitia nanga mwisho wa Aprili 1840 ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi. Mjumbe wa Sultani, Ahmad bin Naaman, alikirimiwa na wakuu wa jiji na kuchorwa picha na msanii Edward Mooney. Meli iliondoka mwezi Agosti. Hakuna haja ya kumkalisha Ahmad mezani kwa Downing ili habari inoge. Inatosha kujua kwamba Mwarabu mwenye kilemba alipokelewa kwa heshima mjini, wakati mweusi aliyekuwa akiwalisha wakubwa wa mji huo hakuweza kupanda gari la abiria akakaa kwa amani.

Na hilo lilimpata hasa. Siku moja alikataa kushuka kwenye behewa la reli ya Harlem, akapigwa na watumishi wa reli. Alishtaki, akashindwa. Waliokaa katika meza zake za Broad Street walikuwa Wazungu. Mweusi mwenzake hakupewa kiti pale. Chini ya meza hizo, katika ghala lenye mapipa na magunia ya chaza, Downing na mwanawe waliwaficha watu waliotoroka utumwani kusini hadi walipopata njia ya kwenda Kanada. Mtu anaweza kumwita mnafiki kwa kuutii ubaguzi ghorofani. Lakini ghala lisilotiliwa shaka lilihitaji biashara isiyotiliwa shaka, na polisi gani angepekua chini ya miguu ya wenye benki wanaokula?

Downing alifariki tarehe 10 Aprili 1866. Siku moja kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha, juu ya kura ya turufu ya rais, sheria ya haki za kiraia iliyowatambua watu weusi waliozaliwa nchini kuwa raia. Aliishi raia wa Marekani kwa siku moja. Chama cha Wafanyabiashara cha New York kilifunga ofisi zake ili wanachama wake wamzike. George naye aliendeleza kazi ya baba yake: alifungua hoteli Newport, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akasimamia mkahawa wa Bunge mjini Washington.

Nyuma ya kila kaunta kulikuwa na wavuvi. Katika kisiwa cha Staten, kwenye kitongoji cha Sandy Ground, walikuja kuhamia weusi huru kutoka Snow Hill, Maryland, ambako sheria zilikuwa zikiwabana katika kazi hiyo hiyo ya chaza. Walinunua ardhi, wakaanzisha kanisa lao mwaka 1850, wakasuka vikapu, wakamiliki mashua. Wavuvi kama hao ndio waliolisha meza za jiji.

Mlo huu haukufa kwa sababu watu waliuchoka. Jiji lilikua, na kila kilichotoka chooni kiliishia bandarini. Chaza mmoja mzima anaweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku, na vijidudu vilivyomo humo vinabaki ndani yake. Mwaka 1916 maafisa wa afya walizipiga marufuku sehemu za chaza za Staten, na Sandy Ground ikakosa riziki. Majira ya baridi ya 1924 na 1925 homa ya matumbo iliwapata watu wapatao 1,500 katika New York, Chicago na Washington, na karibu 150 wakafa. Chanzo kilikuwa chaza wa Long Island. Mwaka 1927 sehemu za mwisho za chaza ndani ya mipaka ya jiji zilifungwa.

Vifo hivyo viliacha alama ambayo mlaji wa leo haioni. Kuanzia 1925 serikali na wafanyabiashara waliweka utaratibu wa kukagua maji ya chaza, na kila gunia linaloingia mkahawani lina lebo: nani kavuna, wapi, tarehe gani. Mwenye mkahawa hutakiwa kuitunza lebo hiyo siku 90 baada ya gunia kuisha. Mtu akiugua, gunia linaweza kufuatwa mpaka kwenye ghuba lilikotoka.

Mkahawa mmoja uliovuka misukosuko hiyo uko chini ya kituo cha treni. Grand Central Oyster Bar ulifunguliwa mwaka 1913 pamoja na kituo chenyewe, chini ya matao ya vigae yaliyojengwa na kampuni ya familia ya Guastavino, wahamiaji kutoka Hispania. Abiria wenye mikoba walikaa kwenye kaunta kabla ya treni. Pale pale mbele yao mpishi alipika chaza kwa krimu, siagi, mchuzi wa pilipili na paprika katika sufuria zinazopashwa kwa mvuke, akaziinamisha kwenye bakuli lenye kipande cha mkate uliookwa, akatoa nyingine. Safari za treni ndefu zilipofifia, mkahawa ulififia nao, ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Jerome Brody aliufufua kwa kuwarudisha samaki na chaza mbele ya kila kitu kingine, na sufuria za mvuke zikawashwa tena.

Siku hizi baa za chaza zimejaa tena Manhattan na Brooklyn, na nyingi huuza kwa bei ya chini mwanzo wa jioni ili kuwavuta watu waliotoka kazini. Chaza wenyewe wanatoka Long Island, Massachusetts, Maine na Virginia, Chincoteague ikiwemo. Makombe yao yanakusanywa na mradi wa Billion Oyster Project, ulioanza mwaka 2014, katika kisiwa cha Governors, ambako yanaanikwa juani kwa mwaka mzima, yanabandikwa vifaranga vya chaza na kurudishwa bandarini. Lengo ni chaza bilioni moja ifikapo 2035. Kazi yao ni kuchuja maji, kuwapa samaki makao na kupunguza nguvu ya mawimbi. Kuwala ni marufuku, kwa kuwa mabomba ya jiji yanachanganya maji ya mvua na ya choo, na mvua kubwa ikinyesha yote mawili humwagika bandarini kama zamani.