Sindano isipoona kitu: historia ya maradhi ya nafsi yanayojitokeza mwilini

Mwaka 1920 daktari Mwingereza, Clement Chesterman, alifika Yakusu, kituo cha misheni ya Wabaptisti kwenye ukingo wa mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville wakati huo. Alikuta malale yamevikalia vijiji vya mtoni. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o na kuishia kwenye ubongo: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hukasirikia watu bila sababu, na jamaa huanza kunong'ona habari za uchawi. Chesterman na wauguzi Wakongo aliowafundisha walikuwa na njia ya kukata shauri. Walichoma sindano kwenye tezi za shingo, au katikati ya pingili za mgongo, wakatoa maji na kuyatazama kwa hadubini. Dalili za vimelea zikionekana, mabishano yaliisha, na mgonjwa alipewa tryparsamide, dawa mpya kutoka New York ambayo daktari Louise Pearce alikuwa ameijaribu Léopoldville mwaka huohuo.

Lakini kuna wagonjwa ambao sindano haiwaoni. Mguu umepooza, sauti imekatika, mtu ameanguka na kutetemeka, au kwa saa nzima amekuwa hajijui, na vipimo vyote ni safi. Leo wanafunzi wa saikolojia huwasoma wagonjwa hawa katika sura mbili: maradhi ya nafsi yanayojitokeza mwilini, na maradhi ambayo fahamu, kumbukumbu na nafsi ya mtu huachana. Kabla ya kugawanywa hivyo, yote yalibebwa na jina moja, histeria, ambayo magazeti ya Tanzania huita umanyeto.

Waganga wa Ugiriki ya kale walidhani chanzo chake ni mfuko wa uzazi unaotangatanga mwilini, hivyo wagonjwa wote wakawa wanawake. Dhana hiyo ilidumu karne nyingi. Mwaka 1859 Mfaransa Paul Briquet alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 430 na kuhamishia lawama kwenye ubongo. Jean-Martin Charcot, aliyefundisha katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliwaonyesha wanafunzi wake wanaume wafanyakazi waliopooza baada ya ajali ingawa mishipa yao ilikuwa mizima. Sigmund Freud alimsikiliza huko mwaka 1885, mwaka uleule ambao Leopold wa Pili alipata Kongo kuwa mali yake. Mfaransa mwingine, Pierre Janet, aliandika mwaka 1889 kwamba jambo zito likimshinda mtu, fahamu yake hupasuka, na kipande kimoja huendelea kufanya kazi peke yake bila mwenyewe kujua.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta maelfu ya mashahidi. Askari walirudi kutoka kwenye mahandaki wakiwa bubu, vipofu au wamepooza, bila jeraha. W. H. R. Rivers, daktari aliyewatibu, aliona mpangilio fulani: bubu na waliopooza walikuwa hasa askari wa kawaida, ilhali maofisa walisumbuliwa na wasiwasi na jinamizi. Askari wa chini hakuwa na ruhusa ya kusema "siendi". Mguu wake ndio uliokataa.

Uchunguzi huo wa Rivers ndio ufunguo wa mengi yaliyotokea kwetu Afrika. Mwaka 1936 Hans Koritschoner, mtaalamu wa mila aliyeishi Tanganyika na kujulikana baadaye kama Hans Cory, alichapisha makala juu ya ngoma ya sheitani. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa: mwanamke anaumwa mwili mzima, dawa hazimfai, fundi anaitwa, uvumba unafukizwa, na pepo anapanda. Pepo akiwa kichwani, si mke tena anayesema. Anadai nguo, anadai karamu, anamkemea mume, na mume analipa. Ioan Lewis, aliyechunguza mambo hayo kwa Wasomali, alidai mwaka 1966 kwamba mashetani wa namna hii huwapanda zaidi wale ambao jamii haiwapi nafasi ya kudai kwa mdomo wao wenyewe. Waumini wa pepo hawatakubali maelezo hayo yote, lakini hata wao hawatabisha kwamba siku ile mwanamke husikilizwa.

Madaktari wa serikali ya kikoloni hawakusikiliza. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa fikra za namna hiyo, Mwafrika aliyeanguka na kutetemeka hakuwa na la kuulizwa. Alikuwa ameonyesha tu tabia ya watu wake.

Kisha likaja tukio la Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka katika shule ya bweni ya misheni, kilomita zipatazo 40 kutoka Bukoba. Hawakuweza kuacha. Walicheka, wakalia, wakahangaika huku na huku, na aliyeshikwa kwa nguvu alipigana. Shambulio lilidumu dakika chache au saa kadhaa, likatulia, likarudi. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, ikafunguliwa tarehe 21 Mei, ikashindwa tena mwishoni mwa Juni. Wasichana waliorudishwa makwao walifika Nshamba, na huko wakapatwa watu 217 kati ya watu 10,000. Ramashenye, shule nyingine ya wasichana, walipatwa 48 kati ya 154.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha ripoti yao mwaka 1963, walifanya yaleyale ya Yakusu: damu ilichukuliwa, maji ya uti wa mgongo yakapimwa, chakula kikachunguzwa kama kina sumu. Hawakuona kitu, na hakuna aliyekufa. Jambo moja katika ripoti yao linashinda vipimo vyote. Walimu wa Kashasha, Wazungu wawili na Waafrika watatu, hawakupatwa hata mmoja. Walikuwa palepale shuleni. Tofauti yao na wasichana ni kwamba wao ndio waliotoa amri. Wanaosimulia kisa hiki kama kichekesho hawajasoma ripoti: mwaka 2007 mtaalamu wa lugha Christian Hempelmann aliichambua upya na kuonyesha kwamba furaha haikuwamo kabisa. Karibu na wakati wa tukio la Kashasha, watu wa Mbale na Kigezi, Uganda, walishikwa na wimbi la kukimbia ovyo, na daktari Mganda Benjamin Kagwa akaandika juu yake mwaka 1964.

Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulilifuta jina la histeria na kuyagawa maradhi yake. Mgawanyo haujatulia hadi leo: mguu uliopooza bila jeraha, Wamarekani wanauhesabu upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani linauweka upande wa fahamu iliyoachana. Mgonjwa ni yuleyule.

Kisangani haikuwa mbali na elimu hii. Chuo kikuu chake kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na Rais Mobutu alipoviunganisha vyuo vikuu vyote mwaka 1971, kitivo cha saikolojia na elimu kiliwekwa hapo. Lakini elimu ilikuwa chuoni, na mateso yalikuwa mitaani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vyake nchini humo, milioni 225 zikiwa za madhara kwa watu. Aliyekatwa mguu na kombora ana ushahidi wa kuonyesha. Ambaye mguu wake ulikufa ganzi kwa hofu, au anayepotewa na fahamu akisikia kishindo, huishia chumba cha maombi, au huambiwa hospitalini kwamba hana kitu.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Watoto wa kaskazini mwa Uganda walipoanza kutikisa vichwa na kuanguka, wako waliosema ni kiwewe cha vita. Utafiti uliofuata umeelekeza kidole kwa minyoo ya usubi na kifafa kinachoambatana nayo. Tshopo, mkoa wa Kisangani wenye mito na usubi, isisahau somo hilo: mwili upimwe kwanza, na upimwe vizuri.

Ila kupima hakuishii kwenye "hatukuona kitu". Tangu mwaka 1908 kuna kipimo cha Mmarekani Charles Hoover kisichohitaji mashine. Mgonjwa analala chali, daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliopooza na kumwambia aukandamize. Hakuna nguvu. Kisha anamwambia ainue mguu wa pili, ule ulio mzima, na hapo kisigino cha mguu mgonjwa hushuka chenyewe, kwa nguvu. Mgonjwa hadanganyi: njia ya amri imefungwa, mguu ni mzima. Siku hizi madaktari humwonyesha mgonjwa mwenyewe jambo hilo, aone kwamba nguvu ipo na inaweza kurudi kwa mazoezi ya viungo na mazungumzo. Muuguzi wa Lubunga au Mangobo, mitaa ya Kisangani, anaweza kujifunza hilo kwa asubuhi moja. Kinachobaki ni swali ambalo wasichana wa Kashasha hawakuulizwa mapema: ni jambo gani huruhusiwi kulisema, na nani anakukataza?