Fonti ya mwandiko

Fonti ya mwandiko ni herufi za chapa au za kompyuta zilizobuniwa zifanane na maandishi ya mkono, hasa ya kalamu ya nibu au ya brashi. Kwa kawaida herufi huinamia kulia, mkia wa moja hushika mwanzo wa inayofuata, na mstari hunenepa kalamu inaposhuka, ukakonda inapopanda. Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni, fonti hii hutumiwa kwenye kadi za harusi na vibao vya mikahawa, hoteli na saluni.

Asili ya fonti nyingi za aina hii ni walimu wa mwandiko wa Uingereza, ambao vielelezo vyao vilichongwa kwenye bamba za shaba. Mkusanyo mashuhuri wa kazi hizo, The Universal Penman wa George Bickham, ulitoka kati ya 1733 na 1741. Katika miaka ya 1960 Matthew Carter aliufanya mwandiko wa mmoja wa walimu hao, Charles Snell, kuwa fonti ya Snell Roundhand. Brush Script ya Robert E. Smith (1942) yafuata brashi. Edwardian Script ya Ed Benguiat (1994) yafuata nibu.

Waswahili walikuwa na khati yao zamani, kwa herufi za Kiarabu; misahafu iliyonakiliwa katika mji wa Siyu ni ushahidi. Ndiyo maana kadi ya nikaha yenye Bismillahi kwa khati ya Kiarabu juu, na majina ya maharusi kwa fonti ya mwandiko chini yake, haigongani machoni: mitindo yote miwili huishi kwa unene na wembamba wa kalamu.

Mtihani wa fonti ya mwandiko huko Kwale ni herufi M. Mwanaisha, Mwanakombo, Mwinyi, Mwakwere: majina ya Wadigo yanayoanza nayo ni mengi, nayo ni herufi pana ambayo wabunifu huipamba kwa vikunjo. Bwana na bibi harusi wakiwa wote wa M, kadi hujaa mikia. Fonti iliyobuniwa vyema huwa na maumbo kadhaa ya herufi hiyo moja, na mpiga chapa mzuri huchagua lililo tulivu kwa jina la pili.

Kosa baya zaidi ni kuandika neno zima kwa herufi kubwa. Hizo hazikubuniwa zishikane, kwa hiyo MWALIKO hugeuka fundo lisilosomeka. Kuachanisha herufi nako hukata viungo vyake, na stika ya kibao ikikatwa ndogo, mistari myembamba huchanika. Leso haina shida hizi: jina lake, yaani msemo wake, kwa kawaida huchapwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kwa kuwa latakiwa lisomwe na jirani aliye mbali.

Kwa kadi, majina ya maharusi yanatosha kupewa fonti hii. Tarehe, saa na mahali viandikwe kwa herufi za kawaida, mgeni asije akafika Msambweni shughuli imekwisha.