Fahamu: Kigezo cha Linux kilichowafungia mlango watumiaji wa intaneti

Linux, kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, leo huendesha seva nyingi za intaneti pamoja na simu za Android. Ndani yake mna vigezo vingi vya mtandao ambavyo mafundi wachache huvigusa. Kimoja, tcp_tw_recycle, kiliwahi kuwazuia watu kufikia tovuti bila wao kujua kosa liko wapi.

Muunganisho wa kompyuta mbili unapokwisha, upande uliotangulia kuufunga huendelea kuuhifadhi kwenye kumbukumbu. Katika Linux muda huo ni sekunde 60. Lengo ni kuhakikisha kwamba data iliyochelewa njiani haichanganyiki na muunganisho mpya. Hata hivyo, katika seva yenye wateja wengi, maelfu ya miunganisho iliyokwisha huweza kurundikana.

Tcp_tw_recycle ilikusudiwa kufupisha muda huo. Seva ilikumbuka muhuri wa wakati wa mwisho kutoka kila anwani ya intaneti, kisha, kwa muda wa dakika moja hivi, ikakataa ombi jipya lenye muhuri wa nyuma zaidi. Kwa kompyuta moja yenye anwani yake pekee, utaratibu huo ulifaa.

Lakini watu wengi hutumia anwani moja kwa pamoja: familia yenye ruta moja, wafanyakazi wa ofisi, au wateja wa mtandao wa simu. Kila kifaa kina hesabu yake ya wakati, ilhali seva huona anwani moja tu. Simu yenye muhuri wa mbele ikishapokelewa, ombi la simu ya jirani yenye muhuri wa nyuma lilitupwa kimya kimya, pasipo ujumbe wowote wa kosa. Tovuti ilifunguka kwa mmoja na kugoma kwa aliyeketi kando yake, na ilikuwa rahisi kulaumu simu.

Kigezo hicho hakikuwashwa tangu awali, na mwongozo wa Linux ulionya dhidi ya kukitumia. Hata hivyo, kilienea kupitia maelekezo ya kuongeza kasi ya seva, ambayo mafundi waliyanakili bila kuyachunguza.

Toleo la 4.10 lilianza kubadilisha mihuri ya wakati kwa kila muunganisho bila mpangilio maalumu, hivyo ulinganisho huo ukapoteza maana. Toleo la 4.12, lililotoka Julai 2017, likakiondoa kabisa. Tcp_tw_reuse, kigezo chenye jina linalokaribiana nalo, kimebaki, lakini huhusu miunganisho inayoanzishwa na mashine yenyewe, wala hakiwazuii wageni wanaoingia.

Seva zenye matoleo ya zamani bado zinaweza kuwa na kasoro hiyo. Msimamizi anaweza kusoma faili /proc/sys/net/ipv4/tcp_tw_recycle: ikiwa thamani yake si 0, irejeshwe kuwa 0.