Wakili wa Baltimore na mashamba ya Kilifi

Wajumbe Waafrika wa Kenya walipoingia Lancaster House, London, Januari 1960, kiongozi wao alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama wa Kilifi, na katibu wao Tom Mboya. Mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall wa Baltimore, kitukuu wa mtumwa. Mwaka 1954 alishinda kesi ya Brown, iliyoharamisha kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali za Marekani.

Kabla ya London alipita Kenya. Huko Kiambu wakuu wa serikali ya kikoloni walimkataza kuhutubia mkutano. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba aseme neno moja tu, akaruhusiwa, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Alikotoka, Katiba ya mwaka 1787 ilikuwa imegawa madaraka kati ya Bunge, Rais na mahakama, kisha marekebisho kumi ya mwaka 1791 yakaiwekea serikali mipaka: isimzibe mtu mdomo, isimwingilie katika ibada yake, isimfunge bila kufuata sheria. Rekebisho la tano linasema pia kwamba mali ya mtu haichukuliwi kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki.

Kenya ya 1960 ilisubiri kipengele hicho kuliko vyote. Walowezi waliogopa kupoteza mashamba, Wahindi waliogopa kupoteza maduka. Marshall, aliyetumia maisha yake kuwatetea wachache dhidi ya wengi, aliwaandikia ulinzi wa mali, fidia na haki ya kwenda mahakamani, akitazama pia katiba ya Nigeria. Ila kwao Marekani wachache ndio walionyang'anywa. Huku wachache ndio walioshika ardhi. Naamini alilijua hilo, na bado akashikilia kwamba haki isiyomlinda usiyempenda si haki. Waingereza hawakuichukua rasimu yake kama ilivyo, lakini kinga ya mali iliingia katika katiba ya uhuru, na baadaye ikajulikana kama kifungu cha 75.

Sasa tuje Pwani, ambako kinga hiyo ilikuta mambo yamekwisha kuharibika. Kibarani, jirani na mji wa Kilifi, imo katika ule ukanda wa maili kumi ambao Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza wausimamie kwa mkataba wa 1895. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria, na wenye watumwa wakalipwa fidia. Mwaka uliofuata, ambao pia ndio aliozaliwa Marshall, ikaja sheria ya hatimiliki: anayedai ardhi ya ukanda afike mbele ya msajili athibitishe, na isiyodaiwa iwe ya Mfalme wa Uingereza. Familia za Kiarabu na za Kiswahili zilijitokeza, na matajiri wa Kihindi pia. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, wengi wao walibaki nje. Mtu aliamka akiwa palepale alipolala, chini ya minazi aliyopanda babu yake, lakini sasa akiitwa skwota.

Uhuru ulipokaribia, wenye hati waliogopa nao. Wapo waliotaka mwambao ujitenge, wengine urudi Zanzibar. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Watu wa Pwani huzikumbuka kwa sababu ya Kadhi na uhuru wa Waislamu kuabudu. Wachache hukumbuka ahadi nyingine iliyokuwamo: hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa wakati wote, na ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma, fidia italipwa kamili na bila kuchelewa. Lugha hiyo ni binamu wa rekebisho la tano.

Wamarekani wenyewe walikuwa wameonja uchungu wa kinga hiyo. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ililitumia rekebisho hilohilo kumlinda mwenye mtumwa, kwa hoja kwamba mtumwa ni mali. Kinga ya mali haiulizi mali ilipatikanaje.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliuliza. Kifungu cha 40 kinalinda mali na fidia kama zamani, kisha ibara yake ndogo ya sita inasema kinga hiyo haihusu mali itakayobainika kupatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 67 kikaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kwa maskwota wa Kilifi mlango ulibaki mwembamba: hati nyingi za Pwani zilitolewa kwa kufuata sheria, ile ya 1908. Na sheria ya mwaka 2016 iliwapa wenye malalamiko miaka mitano ya kuyasajili. Muda huo ulikwisha 2021.